Kiwanja cha Sita

Saa kumi alfajiri, na jua la Juni huku Savo
limefumba jicho moja tu usiku kucha.
Vieno Rautio anapita kati ya viwanja kwa mabuti ya mpira,
mkasi mkononi, fremu ya chuma begani,
akikata nyasi nusu mita kwa nusu mita,
akizifunga katika mifuko ya karatasi
kama zawadi za harusi ya watu wachoyo.

Kiwanja cha kwanza kimepewa nitrojeni
kilo mia mbili na arobaini kwa hekta:
kijani chake kinakaribia weusi,
majani yamelala kwa shibe
kama mgeni aliyezidisha pilau.
Cha pili, nusu yake. Cha tatu, samadi,
inayonuka ukweli.
Na kule mwisho, kando ya misonobari,
cha sita, kilichoandikwa sifuri:
timothi na klova, basi.
Klova inajitafutia nitrojeni hewani
kama fukara anavyookota kuni,
kijiti, kijiti, mzigo.

Mizani haina shemeji, ndivyo alivyofundishwa.
Naye anaye mmoja, wa kijani.
Ziwa la utotoni mwake hugeuka uji wa mwani kila Agosti,
na kisima cha marehemu babake kina kufuli
tangu maabara ilipotuma barua ya mistari miwili.

Zizini, ng'ombe kumi na wawili
wanasubiri matokeo ambayo hawatayasoma.
Mpango wao wa kula unaitwa mraba wa Kilatini:
kila wiki tatu hubadilishana hori
ili kila tumbo lionje kila kiwanja.
Ng'ombe hawajui Kilatini.
Shingoni wamevishwa vidude vinavyonong'onezana na malango;
lango humfungukia mwenye haki yake tu.

Heluna, namba 417, mwekundu, kipaku cheupe pajani,
alipofika zamu ya sifuri akaongeza maziwa.
Kilo thelathini na moja.
Kesho yake thelathini na mbili na nusu.
Mafuta yakapanda. Urea ya maziwa ikapanda pia,
ila hilo Vieno hakutaka kuliona mara ya kwanza.

Daktari Hallikas akasugua viganja mbele ya jedwali:
"Sifuri inashinda! Hili nalipeleka mkutanoni Oulu."
Vieno akacheka naye.
Usiku ule hakulala.

Saa nane alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
paka wa zizi mapajani,
akamwona Heluna akingoja jirani asogee,
akalipiga lango la kwanza kwa pua,
upande wa bawaba iliyolegea,
akaingiza kichwa chote
akala, kwa utulivu wa mtu aliye kwake.
Siku za mwizi ni arobaini.
Za Heluna zilikuwa nne.

Angeweza kuikaza bawaba kimya kimya, skrubu mbili.
Bisibisi ilikuwamo mfukoni.
Nani angemuuliza? Ziwa?

Akaandika kwa kalamu ya risasi,
maana wino huogopa unyevu wa zizini:
*Namba 417. Lango bovu. Siku nne zifutwe.*
Ndipo akakaza skrubu.

Septemba hesabu ikakamilika, na kiwanja cha sita kikashindwa.
Onerva Huttu, mwenye ng'ombe kumi na tisa ng'ambo ya ziwa,
alikuja siku ya wakulima, akasimama mbele ya bango,
akavaa miwani, akaivua.
"Kimeshindwa kwa kiasi gani?"
"Kilo mbili za maziwa kwa siku, kila ng'ombe,"
Vieno akayaambia mabuti yake.
"Mbili."
"Mbili."
Onerva akahesabu kwa vidole bei ya mfuko wa mbolea,
vidole vikaisha, akaanza upya.
"Mbili tu?"

Nyuma yao Heluna alilisukuma lango kwa pua.
Halikufunguka. Akangoja.
Akasukuma tena.